Nuru Mbele ya Hakimu: Mhadhara juu ya Spektra na Picha katika Sayansi Jinai



Kwa kuwa wakati ni mali ya wasikilizaji kabla haujawa mali ya msemaji, nitaitaja shabaha yangu tangu mwanzo. Mahakama za zama zetu zimempata shahidi asiyekula kiapo, asiyehongeka, asiyeogopa vitisho wala kumwonea haya mkubwa, naye ni nuru: nuru ionekanayo na nuru isiyoonekana, itupwayo juu ya tone la damu, chembe ya rangi ya gari, unga uliofichwa mfukoni au wino wa hati inayoshukiwa, kisha ikarejea kwenye chombo na habari ya kile ilichokigusa. Watu wengi wanamstaajabia shahidi huyu, na wana haki ya kustaajabu. Walakini staajabu ikizidi huzaa imani isiyo na hoja, na imani ya namna hiyo ikiingia mahakamani, asiye na hatia anaweza kupotewa na uhuru wake. Dai langu ni kwamba nuru hulijibu vema mno swali la kitu hiki ni nini, hulijibu kwa kiasi swali la kitu hiki kimetoka wapi, na hailijibu kabisa swali la ni nani aliyetenda. Na kwamba haki husimama pale tu maswali haya matatu yanapotengwa, kila moja likakaa mahali pake.

Asili ya elimu hii ni ya mbali. Al-Hasan ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi yake kubwa katika nchi ya Misri na kufariki dunia karibu na mwaka 1040, ndiye aliyeeleza katika Kitab al-Manazir kwamba jicho huona kwa nuru inayotoka kwenye vitu na kuliingia, wala si kwa miale inayotoka ndani ya jicho kama walivyodhani wengi waliomtangulia, na katika kueleza hayo akayapa majaribio cheo cha kuamua kati ya dai na dai. Isaac Newton alitangaza mwaka 1672 ya kuwa nuru nyeupe ya jua ikipita katika mche wa kioo hugawanyika ikawa rangi za upinde wa mvua. Mwaka 1800 William Herschel aliweka vipimajoto ng'ambo ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu, akakuta joto limezidi, na hivyo akaigundua miale tunayoiita infraredi. Na mwaka uliofuata Johann Ritter akagundua, upande wa pili, baada ya rangi ya urujuani, miale ya urujuanimno. Ikadhihirika kwamba ile ambayo macho ya binadamu huiona, kuanzia nanomita 400 hivi hata 700 hivi, ni sehemu ndogo tu ya nuru iliyoumbwa, na kwamba dunia ina mengi yaliyo wazi ambayo sisi hupita mbele yake kama vipofu.

Hata hivyo nuru haikupata kuwa shahidi mpaka mwaka 1859, pale Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff, katika mji wa Heidelberg, Ujerumani, walipothibitisha kwamba kila elementi ikitiwa motoni hutoa mistari yake ya rangi, isiyoshirikiwa na elementi nyingine yoyote. Mwaka 1860 waliyachemsha maji ya madini ya Dürkheim mpaka yakabakia machache, wakayatazama katika chombo chao, wakaona mistari miwili ya buluu ambayo hapakuwa na elementi iliyojulikana yenye kuidai. Wakajua ya kuwa wamekutana na elementi mpya, nayo ndiyo sesiamu. Kanuni waliyoiweka ndiyo inayotawala maabara zetu hata leo: kitu hutambulikana kwa nuru yake, bila ya kuonjwa wala kunuswa, na mara nyingi hata kikiwa kidogo mno kuonekana kwa macho matupu.

Picha nazo hazikuchelewa kufika mahakamani. Wilhelm Röntgen aligundua eksirei mjini Würzburg tarehe 8 Novemba 1895, na mwezi wa Februari 1896 Profesa John Cox wa Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal, Kanada, alikuwa ameshaupiga picha mguu wa kijana aliyepigwa risasi mkesha wa Krismasi. Madaktari walikuwa wameitafuta risasi ile wasiipate. Picha ikaionyesha imelala, imebanwa kati ya mifupa miwili ya muundi. Kijana akafanyiwa upasuaji, na picha ikapelekwa mbele ya mahakama kuwa ushahidi juu ya aliyempiga. Kutoka ugunduzi hata picha hiyo miezi haikutimia minne, na kwa elimu nyingine zote za binadamu kasi hiyo ni nadra.

Mchango wa mwisho wa kutajwa katika historia hii ulitoka Bara Hindi. Chandrasekhara Venkata Raman, aliposafiri kwa meli mwaka 1921 akipita bahari ya Mediterania, aliushangaa ubuluu wa maji yale, hakuridhika na maelezo yaliyokuwapo, akarudi Calcutta na swali lake. Na tarehe 28 Februari 1928 yeye na wanafunzi wake wakathibitisha kwamba nuru inayotawanywa na maada hubadilika rangi kidogo, kwa kiasi kinachotegemea mitikisiko ya molekuli zilizoitawanya. Badiliko hilo ni haba mno, kwani katika fotoni milioni kumi huenda ni moja tu inayobadilika, na kwa sababu hiyo ilibidi elimu hii ingoje leza, iliyopatikana mwaka 1960, ndipo ikatumika kwa wepesi. Raman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Leo chombo kinachofanya kazi kwa kanuni yake hushikwa kwa mkono mmoja na ofisa wa forodha, kikautambua unga ulio ndani ya mfuko wa nailoni bila ya mfuko kufunguliwa.

Baada ya historia hii fupi natamka kwa mukhtasari kazi ambazo nuru hufanya katika maabara ya sayansi jinai. Kazi ya kwanza ni kutambua atomi: eksirei hupigwa juu ya kielelezo, atomi zake zikasisimka na kutoa eksirei zao wenyewe, na kwa kuzipima hizo mchunguzi hujua kama mna shaba, chuma, risasi au titani. Kazi ya pili ni kutambua molekuli: miale ya infraredi ikipita katika kitu, kila kifungo cha kemia huinyonya miale ya mtikisiko wake, na jumla ya minyonyo hiyo huchora mchoro ambao kwa kila maada safi ni wa peke yake. Kazi ya tatu ni kupiga picha kwa nuru iliyochaguliwa, nukta kwa nukta, ili kionekane kile ambacho nuru ya kawaida hukificha. Damu, mathalan, huinyonya kwa nguvu nuru ya urujuani iliyo karibu na nanomita 415, hata doa hafifu lililooshwa juu ya ukuta huonekana jeusi katika nuru hiyo. Na juu ya kitambaa cheusi, ambapo jicho halitofautishi damu na nguo, kamera ya infraredi mara nyingi huiona nguo imekuwa nyeupe na damu imebakia kiza, kwa sababu rangi nyingi za viwandani huiakisi infraredi na damu huinyonya.

Natamani niwaonyeshe jambo moja kwa karibu. Chukueni mkataba wa mauziano ya kiwanja, ulioandikwa kwa kalamu ya wino mweusi, wenye tarakimu za shilingi 4,500,000, na muuzaji anakula yamini kwamba ndiyo bei waliyopatana, hali mnunuzi anasema ya kuwa bei ilikuwa 1,500,000. Mchunguzi huuweka mkataba chini ya kamera, akaizima nuru ya kawaida, akawasha taa ya infraredi na kuupandisha urefu wa mawimbi polepole: 700, 750, 800. Wino mmoja mweusi si lazima uwe sawa na wino mwingine mweusi, kwani kila mtengenezaji huchanganya rangi zake, na katika wino kuna ambao huinyonya infraredi ukabakia mweusi, na kuna ambao huiachilia ipite ukatoweka kama haukuandikwa. Basi katika kioo cha chombo maneno ya mkataba yanaanza kufifia, saini zinafifia, sufuri zote zinafifia, na mwishowe hubakia juu ya karatasi tupu vijistari viwili vidogo, kimoja cha mshazari na kimoja cha kukingama, ambavyo vimeifanya moja kuwa nne. Hakuna kemikali iliyomwagwa, hakuna uzi wa karatasi uliokatwa, na hati yenyewe hurudishwa mahakamani kama ilivyokuja. Hata hivyo angalieni mpaka wa ushahidi huo: nuru imeonyesha ya kuwa mna wino mbili, haikuonyesha ni mkono wa nani ulioshika kalamu ya pili; na lau mghushi angetumia kalamu ile ile ya mwanzo, nuru ingenyamaza, na kunyamaza kwake kusingekuwa ushahidi wa kwamba hati ni safi.

Kisa mashuhuri zaidi katika mlango huu ni cha shajara zilizodaiwa kuwa za Adolf Hitler. Mwezi wa Aprili 1983 gazeti la Stern la Hamburg lilitangaza mbele ya waandishi wa habari wa dunia nzima kwamba limepata madaftari yapatayo sitini yaliyoandikwa kwa mkono wa Hitler mwenyewe, na kampuni yake ilikuwa imeyalipia zaidi ya marki milioni 9. Kabla ya hapo wataalamu wa mwandiko, mmoja wa Uswisi na mmoja wa Marekani, walikuwa wameyalinganisha baadhi ya maandishi hayo na maandishi mengine waliyopewa kuwa vipimo vya mwandiko wa kweli, wakatoa ithibati ya kuwa mkono ni mmoja. Na kwa hakika mkono ulikuwa mmoja. Ila sehemu ya vipimo vile walivyopewa nayo ilikuwa kazi ya mghushi yule yule, Konrad Kujau wa Stuttgart, kwa hiyo walilinganisha uwongo na uwongo wakaukuta unafanana.

Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani mjini Koblenz, ikisaidiwa na maabara za serikali, haikuanza na mwandiko; ilianza na maada. Karatasi zilipowekwa chini ya taa ya urujuanimno ziling'aa kwa mwangaza wa buluu, na mwangaza huo ni alama ya dawa ya kuongeza weupe ambayo viwanda vya karatasi havikuanza kuitumia mpaka vita vilipokwisha. Nyuzi za majalada zilipochunguzwa zikakutwa na poliesta, nayo pia ni maada ya baada ya vita. Na kipimo cha kloridi katika wino kilionyesha kwamba maandishi hayana umri wa miaka arobaini bali ni ya juzijuzi tu. Tarehe 6 Mei 1983 Hifadhi ilitangaza kwamba shajara ni za kughushi, na mwaka 1985 Kujau na mwandishi wa habari aliyezileta shajara hizo kwa gazeti, Gerd Heidemann, wakahukumiwa kifungo. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga wamesema. Lakini kwa marki milioni 9 na wataalamu wenye jina, njia ile ingalirefuka sana kama si taa moja ya urujuanimno.

Nawaombeni muyapime kwa makini mafunzo ya kisa hicho, maana ndani yake ndimo ilimo nguvu ya kweli ya shahidi wetu. Wanazuoni wetu wa zamani walizipanga hali za kujua kuwa ni yakini, dhana na shaka, na mpangilio huo unaitosha kabisa maabara. Taa ya urujuanimno ilipokanusha, ilikanusha kwa yakini, kwa kuwa karatasi yenye dawa ya baada ya vita haiwezi kuandikwa na mtu aliyekufa mwaka 1945, hata mwandiko ukifanana namna gani. Lakini lau karatasi isingeng'aa, je, shajara zingekuwa za kweli? La, hasha, zingekuwa tu hazijakanushwa, kwa kuwa mghushi mwerevu angeweza kutafuta karatasi ya kale. Almuradi nuru hubatilisha kwa yakini, na huthibitisha asili kwa dhana, iwe dhana yenye nguvu au dhaifu. Na atakayezichukua daraja hizi mbili kuwa moja atakuwa ameiharibu hujja yake mwenyewe.

Swali la pili, la kitu hiki kimetoka wapi, ndilo lililowapoteza watu wengi, tena watu wenye elimu. Gari likimgonga mpita njia likakimbia, huacha juu ya nguo zake chembe ya rangi isiyozidi punje ya mchele. Mchunguzi huikata ubavuni na kuitazama katika hadubini, akahesabu matabaka yake: tabaka la kuzuia kutu, tabaka la chini, tabaka la rangi, na juu kabisa tabaka linalong'aa, kisha huipima kila tabaka kwa infraredi ajue gundi yake ni akriliki, alkidi au epoksi, na kwa Raman ajue chembe zake za rangi. Maabara za polisi wa Kanada zimekusanya kwa miaka mingi kumbukumbu za rangi za viwanda vya magari, na kwa kumbukumbu hizo chembe moja inaweza kuonyesha kampuni, aina na miaka ya gari lililotafutwa. Hayo ni manufaa makubwa. Lakini kiwanda kimoja hupaka rangi hiyo hiyo maelfu ya magari, na mlinganisho hupata nguvu ya kipekee pale tu gari limepakwa upya na fundi wa mtaani, tena na tena, mpaka mpangilio wa matabaka yake ukawa hauna mwenziwe. Kwa hiyo swali la hakimu lisikome kwenye "Je, zinafanana?", liendelee mpaka "Ni magari mangapi mengine ambayo nayo yangefanana?"

Lilipoachwa kuulizwa swali hilo, yalitokea makubwa katika nchi ya Marekani. Tangu miaka ya 1960 shirika la upelelezi la nchi hiyo, FBI, lilikuwa likipima madini yaliyochanganyika na risasi za bunduki, yaani antimoni, aseniki, shaba, bismuthi, fedha, bati na kadimi, na risasi iliyotolewa mwilini mwa marehemu ikifanana kwa vipimo na risasi zilizokutwa nyumbani kwa mshitakiwa, wataalamu walipanda kizimbani wakasema, au wakaacha ieleweke, kwamba zimetoka boksi moja. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 uchunguzi huo ulifanywa katika kesi zipatazo 2,500. Mwaka 2004 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa taarifa yake, nayo haikuvilaumu vyombo: vyombo vilipima sawasawa. Kosa lilikuwa katika hitimisho, kwa maana kutoka kalibu moja ya madini yaliyoyeyushwa zinaweza kutengenezwa risasi ndogo zisizotofautishika kwa vipimo kuanzia 12,000 hata milioni 35, zikatiwa katika maboksi mengi na kuuzwa kwa watu wengi. Mwaka 2005 FBI ikauacha uchunguzi huo moja kwa moja. Takriban miaka arobaini ilipita, na watu walifungwa, kabla ya mtu mwenye mamlaka kuuliza hesabu iliyo rahisi kuliko vipimo vyenyewe.

Nije katika swali la tatu, la ni nani aliyetenda, ambalo linatugusa sisi wa pwani hii moja kwa moja. Majahazi yanayotoka pwani ya Makran kuja kusini yamefanya bahari yetu kuwa njia ya heroini. Mwezi wa Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za dawa hiyo ndani ya jahazi katika maji ya mbele ya Mombasa. Chombo cha Raman kinachoshikwa mkononi ni msaada mkubwa kwa ofisa aliye bandarini usiku wa manane, lakini kina mipaka inayostahili kujulikana: unga usio safi mara nyingi hung'aa kwa leza, na mng'ao huo ukaufunika ule mwangwi haba wa Raman, na dawa ikichanganywa kidogo ndani ya maada nyingine nyingi, chombo huiona maada nyingi kikaikosa dawa. Ndiyo maana jawabu la bandarini ni la kuanzia tu, na maabara makini hulithibitisha kwa njia nyingine isiyofanana na ya kwanza, aghalabu kwa kuzitenganisha molekuli katika gesi na kuupima uzito wake. Hapo maabara itasema kwa yakini: hii ni heroini. Lakini kama nahodha alijua kilichomo, kama baharia aliyelala juu ya magunia ni mshirika au ni kibarua aliyedanganywa, hilo halimo katika mchoro wowote wa spektra, na mtaalamu akiulizwa kizimbani, jawabu lake la uadilifu ni kusema kwamba halimhusu.

Kuna jambo jingine linalostahili kukaliwa kwa utulivu, kwa sababu linagusa dini na huzuni za watu. Kwa jamii zetu nyingi, na hasa kwa Waislamu, maiti ana hurma yake, na kumcheleweshea maziko au kumpasua ni jambo linaloumiza familia iliyokwisha kuumia. Katika miaka ya mwisho ya karne ya ishirini madaktari wa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, wakiongozwa na Richard Dirnhofer na Michael Thali, walianza kuwachunguza marehemu kwa mashine za CT, ambazo hukusanya eksirei kutoka pande zote na kuujenga mwili mzima katika picha bila kisu kuugusa. Na Melbourne, Australia, tangu mwaka 2005 taasisi ya tiba ya kisheria ya jimbo imeifanya picha ya CT kuwa hatua ya kawaida ya uchunguzi. Mashine hiyo huonyesha vema mfupa uliovunjika, njia ya risasi na hewa iliyoingia pasipo mahali pake. Haioni sumu, na pasipo kutiwa dawa ya kuonyesha mishipa, mara nyingi haioni mshipa wa moyo ulioziba. Kwa hiyo haiondoi kisu katika kila kesi. Lakini pale inapotosha, itakuwa imeipatia mahakama hujja yake na familia hurma yake kwa pamoja, na nchi zetu zingefanya jambo la busara na la huruma kama zingeliweka hilo miongoni mwa matumizi ya kwanza ya mashine zinazonunuliwa kwa hospitali kubwa.

Hata sasa nimesema juu ya nuru. Limebakia la binadamu aliyeishika taa. Mwaka 2012 iligunduliwa katika jimbo la Massachusetts, Marekani, kwamba mkemia mmoja wa maabara ya dawa za kulevya alikuwa akitoa majibu ya vielelezo ambavyo hakuvipima, akivitazama tu kwa macho na kuandika. Na mwaka 2017 Mahakama Kuu ya jimbo hilo ikazifuta kesi zaidi ya 21,000 alizohusika nazo. Hapa kosa halikuwa la vyombo. Nuru haikuulizwa, lakini jina lake lilitumika. Kwa sababu ya hatari kama hiyo Mahakama ya Rufani ya Tanzania imesisitiza katika hukumu zake, mara nyingi, kwamba kielelezo kiwe na mnyororo wa utunzaji unaoonyesha kwa maandishi nani alikikamata, nani alikihifadhi, nani alimkabidhi nani, lini kilipimwa na hatima yake ni nini. Wako wanaoliona sharti hilo kuwa ni uzito wa makaratasi unaowaokoa wahalifu. Mimi naliona kuwa ndiyo roho ya sayansi jinai, kwa kuwa mashine ya thamani kubwa ikipima bahasha iliyofunguliwa njiani, itatueleza kwa usahihi wa kupendeza kuhusu kitu ambacho sicho.

Kutokana na hayo yote nina maombi kwa kila kundi lililo mbele yangu. Enyi maofisa wa upelelezi, fungeni kielelezo mahali pale pale kilipookotwa, kila kimoja katika bahasha yake, kiwe na saini na saa, maana kosa lililofanyika katika eneo la tukio halisahihishwi na maabara yoyote duniani. Enyi wakemia wa serikali, andikeni katika ripoti zenu, pamoja na mlichokiona, kile ambacho kipimo chenu hakiwezi kukiona, na pingeni kishawishi cha kumfurahisha aliyewaletea kazi. Heshima yenu haipungui mnaposema "hatujui". Enyi walimu, wafundisheni wanafunzi wa sheria fizikia kidogo, na wanafunzi wa fizikia sheria kidogo, ili siku moja wakutane mahakamani wakaelewana. Enyi mawakili wa utetezi, msiiogope ripoti kwa sababu ina michoro. Ombeni kuuona mchoro wenyewe, ulizeni umelinganishwa na nini, na huko kulinganishwa nani alikuhakiki.

Nanyi waheshimiwa mahakimu, ambao mwisho wa yote ni mbele yenu, nawaachia maswali matatu ya kumuuliza kila mtaalamu apandaye kizimbani: kitu hiki ni nini, na umekijua kwa njia ngapi; kingeweza kutoka wapi kwingine, na ni kwingi kiasi gani; na katika hayo uliyoyasema, ni lipi ulilopima na ni lipi ulilodhani? La nne, la nani aliyetenda, msimuulize yeye. Hilo ni lenu, na hakuna taa itakayowachukulia mzigo wake.